Umri mzima na udi: masikio kwanza

Vijana wanaonijia kutaka kujifunza udi, ile ala ya kamba ya taarab, huanza kwa kuniuliza udi unauzwa wapi na kwa bei gani. Ninawajibu, lakini kwanza nauliza mimi: umewahi kukaa karibu na watu wanaopiga taarab asilia, bila spika, ukasikiliza tu mpaka wakamaliza? Wengi hunyamaza. Wamezaliwa Unguja, wamekulia kwenye harusi za taarab, lakini taarab waliyoizoea ni ile inayotoka kwenye maspika, kinanda kimoja kikifanya kazi ya fidla, ganuni ya kamba nyingi, akodiani na ngoma kwa pamoja. Siwalaumu, ndiyo waliyoikuta. Ila anayetaka kudumu na ala isiyohitaji umeme lazima ajue kwamba kitu cha kwanza kukitafuta si ala.

Mimi nimepiga udi tangu ujana na sasa nina wajukuu. Nimepiga harusini, kwenye taarab za Idi, hotelini na matamashani, na kwa miaka ya karibuni nafundisha. Yapo yaliyonigharimu fedha, yapo yaliyonigharimu miaka, na yapo yaliyoniuma moyo. Nayaandika ili anayeanza leo asiyapitie yote. Nikitazama nyuma naona kwamba karibu kila kilichoniharibikia katika muziki huu kilianza pale mimi au wenzangu tulipoacha kusikilizana.

Nyumbani kwetu Ng'ambo, hapa mjini Unguja, hakukuwa na mpigaji. Kulikuwa na mjomba wangu, na mjomba alikuwa na santuri na redio. Usiku alikuwa akitafuta Cairo kwenye redio mpaka aipate, na Umm Kulthum akiimba hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza. Sikuelewa Kiarabu chake. Nilichokielewa ni kwamba sauti moja inaweza kurudiwa na kurudiwa, na kila ikirudi ina kitu kipya ndani yake. Mjomba pia alikuwa na santuri chakavu za Siti binti Saad, zile zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Zilikuwa zinakwaruza, lakini ukitega sikio unasikia jinsi udi na fidla vinavyomfuata mwimbaji, vinamsubiri, vinamjibu, havimpiti. Nilisikiliza vile kwa miaka kabla sijagusa kamba hata moja, na bila kujua nilikuwa nimeshaanza masomo.

Mwalimu wangu alikuwa fundi cherehani mchana na mpiga udi usiku, katika kikundi kimoja cha mjini. Alinipokea kwa sharti kwamba nisiulize lini nitapewa udi. Kazi yangu ilikuwa kubeba ala, kupanga viti na kukaa nyuma ya mpiga dumbaki, ile ngoma ndogo. Baadaye akaniweka kwenye waitikiaji. Nilikuwa nataka kupiga, naye ananiambia niimbe. Kila bashraf, kipande cha ala tupu, waliyoifungulia usiku ilibidi niweze kuiimba mwanzo hadi mwisho bila maneno, kwa sauti tu, nikitembea, nikioga, nikipanga foleni ya maji. Aliponipa udi hatimaye, nilikuta vidole vinatafuta kitu ambacho sikio lilikuwa limeshakijua. Hiyo ndiyo faida, na sijaona njia ya mkato inayofika hapo.

Nieleze kidogo kwa nini, maana kwenye udi jambo hili ni zito kuliko kwenye gitaa. Shingo ya udi haina vizuizi vya kukuonesha pa kuweka kidole. Kamba kwa kawaida ni 11, jozi tano na moja ya chini peke yake, na sauti sahihi iko pale sikio lako linaposema iko. Halafu maqamu zetu nyingi, yaani ngazi za sauti ambazo wimbo hujengwa juu yake, zina sauti ambazo kwenye kinanda hazipo kabisa. Chukua Rast ukianzia do. Sauti ya tatu si mi kamili, wala si mi iliyoshushwa nusu, inakaa baina ya hizo mbili. Bayati ukianzia re, sauti ya pili nayo inakaa pale pale. Watu huiita robo, lakini usidhani ni kipimo cha rula. Wazee niliowasikia hawakuiweka wote mahali pamoja. Mmoja aliishusha zaidi wimbo ukiwa wa huzuni, mwengine aliipandisha kidogo pale wimbo unapopanda na kuilegeza unaposhuka. Huwezi kuandikiwa hayo. Unayapata kwa kukaa karibu na mtu anayeyafanya.

Kwa hiyo anayeanza namshauri achukue maqamu moja, ningesema Bayati, akae nayo miezi. Aipige kamba ya re iwe inalia chini, aimbe juu yake kabla ya kupiga. Programu za simu za kulinganishia kamba ni nzuri kwa kamba zikiwa wazi: do, fa, la, re, sol, do kutoka chini kwenda juu, kama wafanyavyo wengi wanaofuata mtindo wa Misri. Ukishamaliza, zima simu. Ukiiacha mbele yako wakati unafanya mazoezi, ile taa ya kijani itakufundisha kuikwepa robo, kwa sababu yenyewe inajua vituo 12 vya kinanda tu.

Sasa ala yenyewe. Udi wangu wa kwanza niliununua kutoka kwa familia ya mzee aliyefariki, umetengenezwa Misri, umezeeka vizuri. Nililipa kwa mafungu mpaka nikachoka. Baada ya misimu miwili ya masika, ule ubao mdogo unaoshikilia kamba usoni uling'oka, ukarusha kamba zote usiku wa kuamkia harusi. Nilimpelekea seremala hodari, mtu wa milango na vitanda. Akaubandika kwa gundi nyeupe ya mbao akaongeza na vijiskrubu. Ulishika, wallahi, lakini udi ukafa. Sauti ikawa nene, fupi, kama mtu anayesema ndani ya shuka. Uso wa udi ni ubao mwembamba mno unaotakiwa kutikisika, na kila kitu kizito unachokiongeza juu yake unakizika pale. Fundi wa ala niliyempata miaka baadaye alinieleza kwamba gundi ya ngozi hutumika makusudi, kwa sababu siku ya matengenezo hulegezwa kwa joto na maji, ubao ukabaki mzima. Gundi ile nyeupe ilipong'olewa iliondoka na nyuzi za mbao, na uso wote ukabidi ubadilishwe. Gharama yake ilipita bei niliyonunulia udi.

Hewa yetu ya pwani haina huruma na ala hizi. Unyevu unavimbisha mbao, chumvi inakula kamba zilizozungushiwa waya, na joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani linalegeza gundi kwa muda mfupi tu. Udi wangu haulali tena ukutani kwa ajili ya mapambo. Unalala ndani ya sanduku lake, pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme, na ninavibadilisha. Nikisafiri kwa ndege nalegeza kamba nusu mzunguko au zaidi, na ule mwanya kati ya kamba na uso naujaza kitambaa laini. Vigingi vya kukazia kamba vikiteleza, napaka chaki, vikigoma kuzunguka napaka sabuni kavu. Kamba naziagiza nje na sipati kila wakati, kwa hiyo seti moja haiguswi mpaka nyengine iwe njiani. Mpiga ganuni ana mzigo mkubwa zaidi: ala yake ina kamba zipatazo 78, tatu tatu kwa kila sauti, na unyevu ukibadilika jioni zote zinabadilika. Mpeni nafasi na kimya cha kulinganisha. Nimeona watu wanamcheka kwa kuchelewa, halafu wanashangaa wimbo haukai.

Juu ya fedha nitasema kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Katika vikundi vya asilia, wengi wetu tulikuwa na kazi nyengine. Mwalimu wangu alishona nguo, mpiga fidla alikuwa karani, mimi nilifanya kazi bandarini. Tuzo wanazoleta watu mbele wakati wa wimbo ziliingia mfuko wa kikundi, zikanunua kamba, ngozi za ngoma, sare, na wakati mwengine sanda. Posho ya usiku mmoja mara nyingi haikufika bei ya seti ya kamba. Usiache mshahara wako kwa ajili ya udi mpaka uwe na watu wanaokulipa kwa udi kwa mwaka mzima, masika na kipupwe. Na uliye na mke au mume, mwambie mapema usiku wako utakuwaje. Mke wangu alinivumilia mengi, na nilichelewa kuona kwamba uvumilivu wake ulikuwa sehemu ya muziki wangu.

Miaka ya tisini ilikuja taarab ya kisasa, wenyewe waliita rusha roho. Kinanda, gitaa la besi la umeme, maneno ya mafumbo yanayochoma, watu wanainuka kucheza badala ya kukaa. Nataka niseme kwa haki: ilikuwa na waimbaji wakubwa, na iliwapa wanawake sauti ya kusema yaliyokuwa yamefungwa vifuani. Lakini kwetu sisi ilikuwa kama ukame. Harusi zilianza kuomba kikundi cha watu sita badala ya watu 20. Ukumbi haukutaka tena besi kubwa ya mbao inayobebwa na watu wawili. Wapiga fidla walistaafu bila mrithi.

Nilikwenda na hao wa taarab ya kisasa kwa misimu kadhaa. Watoto walikuwa skuli na kikundi kile kililipa, kililipa kwa wakati. Sijutii fedha zile. Kilichonishangaza ni kilichotokea kwenye mkono wangu wa kushoto. Kupiga usiku baada ya usiku na kinanda kunakulazimisha umfuate, kwa sababu yeye hawezi kukufuata. Rast yake ilikuwa na mi kamili, basi na mimi nikapandisha. Bayati tukaiacha, tukawa tunachagua nyimbo zilizokaa kwenye Nahawandi, au Hijazi, kwa kuwa hizo kinanda kinaziweza. Hakuna aliyetoa amri ya kuziacha nyengine. Ziliondoka zenyewe, moja baada ya moja, kwa sababu zilionekana zina makosa.

Niliporudi kwenye kikundi cha wazee, mpiga fidla mmoja, mtu mpole sana, alisimamisha bashraf katikati akaniomba niirudie sauti moja. Nikairudia. Akaomba tena. Mimi nilikuwa sisikii tatizo liko wapi, na hilo ndilo lililonitisha. Sikio lilikuwa limeondoka na mkono. Ilinichukua muda mrefu kurudi, nikisikiliza santuri zile zile za mjomba na kuimba kabla ya kupiga, kama mtoto. Kwa hiyo simkatazi kijana kupiga na kinanda akihitaji riziki. Namwambia tu: kila wiki uwe na usiku mmoja wa kupiga na watu ambao ala zao zinaweza kuifikia robo, fidla, nai ya kupuliza, chelo, sauti ya mtu. Usipokuwa nao, imba peke yako juu ya kamba ya chini. Sikio halitunzwi kwa nia njema.

Mjadala huu si wetu peke yetu, na kujua hivyo kulinituliza. Mwaka 1932 wanamuziki na wataalamu walikutana Cairo kwenye kongamano kubwa la muziki wa Kiarabu, na miongoni mwa waliyobishania ni hayo hayo: robo zipimwe vipi, na piano iingizwe au isiingizwe. Na sisi wa asilia tusijidai kuwa safi sana. Akodiani tunayoipenda nayo imezaliwa Ulaya na vituo vyake ni 12, labda iwe imetengenezwa upya ndani kwa ajili ya robo, kama wanavyofanya wengine kwa Waarabu. Wazee wetu waliipokea, lakini walijua lini iimbe na lini inyamaze. Wimbo ukiingia Rast, mpiga akodiani hodari anaikwepa sauti ile ya tatu, anaiachia fidla. Huo ndio ustadi ninaouzungumzia. Ala ngeni haikuwaharibia muziki kwa sababu mpigaji wake alikuwa anasikiliza.

Baadaye tena ikaja mitambo ya kukuza sauti, na hapa nataka nikae zaidi, maana ndipo vikundi vingi vya ala za asili vinapovunjika bila kujua vimevunjwa na nini.

Zamani tulikaa nusu duara, karibu karibu, mwimbaji mbele, ngoma nyuma pembeni. Kila mtu alimsikia kila mtu. Ukumbi ukiwa mkubwa, watu walinyamaza. Siku hizi ukifika ukumbini unakuta fundi mitambo ameshapanga maikrofoni kumi, kila mpigaji na yake, mnakaa mbalimbali kama mnaogombana, na kila mmoja amewekewa spika ya miguuni ajisikie mwenyewe. Hapo kinachofuata ni kama sheria: mpiga ngoma hasikii udi, anaongeza nguvu. Mimi sijisikii, nampa ishara fundi aniongeze. Akiniongeza, tumbo la udi linaitikia spika na kuanza kuvuma. Fundi anakata sauti zangu za kati ili mvumo uishe, na sasa udi unasikika kama bati. Mwimbaji anapiga kelele. Nyimbo tatu, na usiku umekwisha. Katika hoteli moja tulipiga msimu mzima namna hiyo, na wageni waliokuwa wakila walidhani ndivyo taarab ilivyo. Nilikuwa narudi nyumbani na hasira isiyo na mwenyewe.

Tuliyoyajaribu yakafaulu ni haya. Tulirudi kwenye nusu duara, tukakataa kutenganishwa. Tukaomba maikrofoni chache: moja ya mwimbaji, moja au mbili nzuri za kikundi kizima mbele yetu kwa urefu wa kifua, na moja ya udi kwa kuwa ndiyo ala yenye sauti ndogo. Maikrofoni ya udi haielekei tundu kubwa la katikati, maana huko ndiko kunakovuma. Inaelekea kati ya tundu na ule ubao wa kushikilia kamba, umbali wa shibiri moja hivi, imeinamishwa kidogo. Fundi apunguze sauti za chini kabisa kwenye njia ya udi, asiguse za kati. Spika za miguuni zizimwe, au ibaki moja ya mwimbaji, imempa udi mgongo. Feni ya darini iliyo juu ya jukwaa izimwe vile vile, kwa sababu upepo wake unaingia kwenye maikrofoni na unakausha na kubadilisha kamba za ganuni kila dakika. Na ngoma: mpiga dumbaki anayejua kazi hahitaji maikrofoni kwenye ukumbi wa watu mia mbili. Hahitaji kabisa.

Fundi mitambo usimjie kama adui. Wengi wao hawajawahi kusikia udi bila spika. Fika mapema, kaa naye mita moja, mpigie wimbo mmoja mzima kabla hajawasha kitu. Kisha mwambie unataka kule nyuma isikike hivyo hivyo, kubwa kidogo. Nimeona watu wakibadilika kwa dakika tano hizo kuliko kwa ugomvi wote niliowahi kuufanya. Mmoja wao sasa tunamwita kila tukiwa na taarab, na yeye ndiye anayetutoa sisi makosa tunapozidiana sauti.

Jukwaa likikataa masharti haya, mara nyengine tumekubali fedha tukapiga, na mara nyengine tumekataa. Siwezi kumhukumu mwenye njaa. Ila kikundi kikae chini kabla, wakati hakuna mwenye hasira, kiamue ni masharti yapi hayaguswi. Kwetu ni mawili: tunakaa pamoja, na tunapewa muda wa kulinganisha kamba kimya.

Mwaka 2002 ilipoanzishwa Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki, hapa Mji Mkongwe, nilikuwa na shaka. Nilidhani muziki unaofundishwa kwa darasa na karatasi utatoka mkavu. Nilichokiona kimenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Wasichana walikuja wakachukua fidla, ganuni na udi. Katika vikundi nilivyokulia mimi, mwanamke aliimba, na hakuna aliyemzuia kwa maneno kugusa udi, lakini hakuna aliyempa. Sasa nina mwanafunzi wa kike ambaye Bayati yake inanifanya nikae kimya.

Karatasi yenyewe nimeikubali. Nota zinasaidia kukumbuka umbo la bashraf ndefu, zinasaidia watu 15 kuanza pamoja, zinasaidia wimbo usipotee kabisa. Ila nota zije baada ya sikio. Mwanafunzi anayesoma kwanza anapiga alichokiona, na mapambo yote madogo, ile kuchelewa kidogo kabla ya kuirudia sauti, kutikisa kidole, kuiachia kamba ilie, anayaona kama nyongeza. Si nyongeza, ndiyo muziki. Ninafundisha ubeti mmoja kwa kuimbiana, wiki nzima, kisha ndipo natoa karatasi, na wanafunzi wenyewe hugundua wapi karatasi imepungukiwa.

Juu ya mwili, neno moja tu. Kiwiko na kifundo cha mkono wa kulia vimenisumbua tangu nilipopita miaka hamsini. Anayeshika risha, ile ya kupigia kamba, kwa nguvu ili asikike kwenye ukumbi wenye kelele anajiumiza kidogo kidogo, hajui mpaka siku ashindwe kufungua mfereji. Ukianza kuhisi ganzi, pumzika na nenda ukaonwe. Nilipopunguza nguvu za mkono, sauti ya udi ilikuwa kubwa zaidi, si ndogo.

Kinachonishughulisha sasa ni kanda. Katika miaka ya sabini na themanini tulirekodi sana kwa kaseti: mazoezi, harusi, mazungumzo ya wazee baada ya mazoezi. Tukazihifadhi makabatini tukaona tumeshaokoa kila kitu. Nilipozifungua, nyengine zilikuwa zimeota ukungu, nyengine utepe umegandana. Zilizopona zina tatizo jengine linaloumiza zaidi: nyimbo zinasikika, lakini hakuna popote palipoandikwa nani alitunga shairi, nani alitia muziki, nani anapiga. Nasikia fidla tamu kupita kiasi, na waliokuwamo chumbani wamekwisha kufa wote isipokuwa mimi na mwengine mmoja asiyekumbuka.

Madhara yake si ya hisia tu. Wimbo usio na jina la mtunzi ukirekodiwa upya, huandikwa kuwa ni wa jadi, na warithi wa mtunzi hawapati kitu. Taarab ni kongwe, kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa 1905 na cha Culture Musical Club 1958, lakini nyimbo nyingi tunazoziita za jadi zilitungwa na watu tuliowajua, na watoto wao wako hai. Haki ya mtunzi haifi naye, inaendelea kwa warithi si chini ya miaka 50. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003 na ina COSOZA, chombo chake cha hakimiliki, ya kusajili kazi. Nendeni na familia, mkiwa na shairi limeandikwa, rekodi hata ya simu, na mashahidi wawili wazee wanaoujua wimbo. Msingoje mpaka mtu wa nje aupende wimbo kwanza, kwa sababu hapo kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake.

Kwa wazee waliobaki, kazi tunaifanya hivi. Tunakwenda nyumbani kwao asubuhi, kabla ya joto na kabla ya kelele za barabarani. Hatumwambii mzee aimbe kwa ajili ya kurekodiwa. Tunapiga wimbo anaoujua na kuukosea pahala, kwa makusudi au kwa kutojua, naye hutusahihisha, na hapo ndipo mambo hutoka. Simu inatosha ikiwekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, mbali na feni. Bibi mmoja aliyeimba katika waitikiaji miaka mingi alitusahihisha kina kimoja, kisha akaimba beti mbili ambazo hakuna kanda iliyokuwa nazo, na akatueleza zilitungwa kumjibu nani. Tulimwacha aseme mpaka akachoka.

Kabla ya kuzima simu, mmoja wetu anataja kwa sauti tarehe, mahali, majina ya waliopo, jina la mtunzi kwa anavyosema mzee, na maqamu ya wimbo. Inachukua chini ya dakika. Kisha rekodi inakwenda sehemu tatu: kwenye kompyuta ya kikundi, kwenye diski inayokaa nyumba nyengine, na kwenye simu ya mtoto au mjukuu wa mzee mwenyewe, awe nayo bila kuiomba kwetu. Mwenye kaseti za zamani asizijaribu kwenye redio chakavu, maana utepe uliogandana hukatika mara ya kwanza. Aziweke pakavu, azisimamishe wima, aandike juu ya kila moja chochote anachokikumbuka, hata kama ni jina la harusi tu, na amtafute mtu mwenye mashine iliyo safi. Tukishapata majina mawili matatu ya waliokuwapo, tunaanza kuwauliza wengine, na mara nyingi jina la mpiga fidla hupatikana.